Kufunga Shule, Kuchelewesha Masomo au Kusomea Nyumbani: Ulinganisho kwa Wazazi wa Minnesota

Ifikapo Januari, mzazi anayeishi Minnesota hulala na simu karibu na mto, kwa kuwa ujumbe wa shule unaweza kuingia saa mbili usiku au saa kumi na moja alfajiri, na maneno yake machache ndiyo yatakayoamua nani atakwenda kazini na nani atabaki na watoto. Ujumbe huo huwa na mojawapo ya habari nne: shule zimefungwa, masomo yamecheleweshwa, watoto watasomea nyumbani kwa mtandao, au, kama hali imeharibika wakati watoto wako darasani tayari, watarudishwa nyumbani mapema. Anayeamua ni msimamizi mkuu wa shule za wilaya, ambaye kabla hakujapambazuka huwa ameshazungumza na wakuu wa usafiri na wa barabara, na mara nyingi amezunguka mwenyewe kwa gari gizani ili aone njia zilivyo.

Wengi wetu huupokea uamuzi huo kama mvua inavyopokewa, jambo linalotoka juu lisiloulizwa. Lakini wilaya hutuma madodoso kwa wazazi, bodi za shule hufanya mikutano ya wazi, na mpango wa siku za baridi huandikwa kabla ya majira kuanza, wakati ambapo maoni ya mzazi bado yana uzito. Ninaandika nikiwa mzazi wa watoto wawili wa shule ya msingi na mfanyakazi wa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi wa eneo la Minneapolis wanaifahamu vizuri. Kwa hiyo kila uamuzi nitaupima kwa mambo manne: usalama wa mtoto kituoni na njiani, masomo yake, chakula chake, na kazi ya mzazi wake.

Baridi, theluji na utelezi ni hatari tatu tofauti

Ulinganisho wowote utapotoka ukianza na uamuzi badala ya kuanza na hali ya hewa yenyewe. Theluji nyingi huziba barabara, lakini magari ya kusukuma theluji yakipewa saa chache hufungua njia kuu. Utelezi wa barafu nyembamba huwa mbaya zaidi alfajiri na hupungua chumvi ikishamwagwa na magari yakishapita. Baridi kali haisukumwi wala haimwagiwi chumvi. Tena chumvi ya kawaida ya barabarani hupoteza nguvu joto linapoteremka chini ya nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, hivyo siku ya baridi kali barafu iliyokwisha kushika barabarani hubaki palepale.

Kinachotazamwa hasa siku ya baridi ni kipimo cha baridi ya upepo, yaani baridi jinsi ngozi inavyoipata upepo unapovuma. Hewa ikiwa nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, ambazo katika kipimo cha Farenhaiti kinachotumika hapa ni takriban sifuri, na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi huipata baridi hiyo kama nyuzi 28 chini ya sifuri na inaweza kuganda katika dakika 30. Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa mtoto aliye kituoni. Dakika kumi akiwa amevaa vizuri anazimudu, lakini siku kama hizo ndizo mabasi huchelewa, kwa sababu dizeli huanza kuganda ndani ya matangi na mifereji yake, na betri hudhoofika hata pale injini ilipochomekwa hita usiku kucha. Mtoto aliyeandaliwa kwa dakika kumi hujikuta amesimama nusu saa. Kwa hiyo swali la kuiuliza wilaya ni mabasi mangapi yamewaka, na mzazi atajulishwa kwa njia gani basi la mtaa wake likiwa halijatoka.

Jambo dogo la lugha linafaa kutajwa hapa. Mnamo Oktoba 2024, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ilibadilisha majina ya matangazo yake, na yale yaliyokuwa yakitaja baridi ya upepo sasa hutaja baridi kali au hali ya baridi. Jambo la kushika ni daraja la tangazo: tahadhari ni ya chini, onyo ni la juu. Siku ya onyo la baridi kali, uwezekano wa shule kufungwa ni mkubwa, na mzazi wa zamu afanye mpango wake tangu jioni.

Kufunga kabisa

Uamuzi huu ndio ulio wazi kuliko yote. Tarehe 6 Januari 2014, Gavana Mark Dayton alifunga shule zote za umma za Minnesota kwa sababu ya baridi, na ilikuwa mara ya kwanza kwa jimbo zima kufanya hivyo baada ya miaka 17. Mwishoni mwa Januari 2019, hewa ya ncha ya kaskazini iliposhuka hadi katikati ya Marekani, Minneapolis ilifikia nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri na Chicago nyuzi 31, na shule za umma za Chicago zilifungwa tarehe 30 na 31. Kwa usalama wa njiani hakuna uamuzi unaoushinda huu, kwani hakuna mtoto kituoni wala basi lililokwama, na kijana mwenye umri wa miaka kumi na sita hayuko nyuma ya usukani kwenye barafu.

Gharama yake iko kwingine. Kwa mtoto ambaye kifungua kinywa na chakula cha mchana huvipata shuleni, siku ya kufunga ni siku ya kutegemea kilichomo kabatini, na ikifuatana siku tatu, familia yenye watoto wanne huiona tofauti waziwazi. Kwa mzazi, kazi haifungwi pamoja na shule. Wazee tunaowatunza wanahitaji kuamshwa, kuogeshwa na kupewa dawa katika baridi yoyote, na aliyekesha zamu ya usiku haruhusiwi kuondoka mpaka mwenzake afike. Katika viwanda na maghala mengi, kutokuja kazini huhesabiwa pointi, na pointi zikijaa, kazi imekwisha. Huyo ndiye mzazi anayelazimika kumwachia binti wa miaka kumi wadogo zake wawili.

Kuhusu masomo, watafiti wamekuta majibu yanayoonekana kupingana, na nimeyafikiria sana kwa kuwa yanagusa watoto wetu moja kwa moja. Dave Marcotte na Steven Hemelt walichunguza shule za Maryland wakakuta kwamba mwaka wenye siku nyingi za kufungwa huwa na wanafunzi wachache zaidi wanaofaulu mitihani, hasa wa madarasa ya chini. Joshua Goodman alichunguza shule za Massachusetts akakuta kwamba siku za kufungwa hazikuonekana kudhuru ufaulu. Kilichodhuru ni utoro wa mwanafunzi mmoja mmoja. Sababu anayoitoa inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kufundisha. Darasa zima likikosa siku, mwalimu kesho yake huanzia pale alipoishia. Nusu ya darasa ikikosa, mwalimu ama anarudia somo na kuwachosha waliokuwepo, ama anasonga mbele na kuwaacha wale waliokosa.

Ukiliweka hilo juu ya maisha ya wahamiaji, uzito wake unaongezeka. Siku ya baridi kali shule ikibaki wazi, wanaofika ni watoto wa nyumba yenye gereji na gari lililowaka; wanaokosa ni wale ambao gari la mzazi limelala nje usiku kucha likakataa kuwaka, au wale ambao buti zao zimepasuka. Wilaya iliyoacha shule wazi kwa nia njema ya kuokoa siku ya masomo inaweza, bila kukusudia, kuwa imewaongezea utoro watoto wale wale inaotaka kuwasaidia. Kwa sababu hiyo, baridi ikifikia kiwango cha onyo, mimi ni mtetezi wa kufunga kwa wote, mradi chakula kipangiwe namna yake, kwa mfano vifurushi vya kupeleka nyumbani vigawiwe siku iliyotangulia.

Kuchelewesha kwa saa mbili

Mwanzoni mwa Januari jua la Minneapolis huchomoza saa mbili kasoro dakika kumi hivi asubuhi, na shule nyingi huwa zimeshaanza au mabasi yako njiani gizani. Kuchelewesha masomo kwa saa mbili huwapa madereva mwanga, huyapa magari ya theluji nafasi ya kupita njia ndogo, na huwapa mafundi wa karakana muda wa kuyawasha mabasi yaliyogoma. Theluji ikiwa imekoma usiku wa manane, au barafu nyembamba ikitarajiwa kuyeyuka kwa chumvi na jua, huu ndio uamuzi bora kuliko kufunga, kwa kuwa mtoto anasoma sehemu kubwa ya siku na anapata chakula cha mchana.

Kwa baridi kali, faida yake ni ndogo. Joto huwa chini kabisa karibu na macheo, na saa mbili baadaye mara nyingi limepanda nyuzi chache tu; mtoto aliyekuwa asimame kwenye baridi ya nyuzi 34 chini ya sifuri atasimama kwenye nyuzi 31. Wilaya inayochelewesha masomo siku ambayo utabiri unaonyesha baridi ya kutwa nzima imeahirisha hatari bila kuipunguza, na mara nyingi huishia kutuma ujumbe wa pili wa kufunga, wakati mzazi wa zamu ya saa moja asubuhi ameshaondoka nyumbani.

Hapo pana ugumu mwingine kwa mzazi. Siku ya kufunga, hata ikiwa na gharama, humruhusu kutafuta jirani au ndugu wa kukaa na watoto kutwa. Siku ya kuchelewesha humtaka awe kazini saa moja na pia awe kituoni na mtoto saa tatu na nusu, jambo lisilowezekana kwa mtu mmoja. Zaidi ya hayo, shule nyingi hufuta kifungua kinywa siku hiyo, na madarasa ya asubuhi ya watoto wadogo hufutwa pia.

Kisha kuna suala la maneno, ambalo naliomba lisidharauliwe. Majira yaliyopita jirani yangu alipokea ujumbe uliotafsiriwa kwa Kiswahili uliosema kwamba shule zitachelewa saa mbili. Yeye, kama Mswahili yeyote, alielewa kwamba shule zitafunguliwa saa mbili asubuhi. Alimfikisha mwanawe mlangoni saa mbili kamili, akamshusha, akakimbilia kazini. Mlango ulikuwa umefungwa, kwa sababu masomo yalikuwa yaanze saa nne kasoro robo. Mtoto aliokolewa na mfanyakazi wa usafi aliyemwona kupitia kioo. Wasomaji wa Kiingereza hawawezi kuiona hatari hii kwa kuwa katika lugha yao muda wa saa mbili na saa ya pili ya asubuhi havifanani hata kidogo. Ujumbe wa kuchelewesha unaoandikwa kwa Kiswahili hauna budi kutaja saa yenyewe ya kuanza, kwa maneno na kwa tarakimu za simu: masomo yataanza saa nne kasoro robo asubuhi, yaani 9:45.

Kusomea nyumbani kwa mtandao

Sheria ya Minnesota inaruhusu wilaya yenye mpango uliopitishwa kutumia hadi siku 5 kwa mwaka za kusomea nyumbani pale hali ya hewa inapozuia kufika shuleni, na siku hizo huhesabiwa kuwa siku kamili za masomo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mzazi ajulishwe angalau saa mbili kabla ya muda wa kawaida wa kuanza, mwalimu apatikane kwa mtandao na kwa simu saa za shule, na mtoto asiye na intaneti ya kutosha nyumbani aandaliwe njia nyingine. Kentucky, ambako Wakongo wengi wanaosema Kiswahili wamejenga maisha yao mjini Louisville, ina utaratibu unaofanana na huo wenye hadi siku 10.

Kwenye karatasi, mpango huu unachukua mema ya pande zote: njia iko salama na somo halikatiki. Ndani ya nyumba, mengi hutegemea umri wa mtoto na idadi ya watoto. Kijana wa sekondari mwenye kompyuta ya shule na chumba chenye utulivu hunufaika kweli. Mtoto wa darasa la kwanza humhitaji mtu mzima wa kukaa naye, kumfungulia ukurasa na kumsomea maagizo, na kama mtu huyo ni bibi yake asiyesoma Kiingereza, siku hiyo huisha kwa machozi ya wote wawili. Watoto watatu wakitumia intaneti moja dhaifu, mmoja hukatika kila mara. Wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili hupoteza zaidi, kwa sababu msaada wao mkubwa ni mwalimu aliye mbele yao na mwenzao aliye kando yao.

Mfumo wenyewe pia huweza kuelemewa. Tarehe 13 Februari 2024 jiji la New York lilifunga majengo ya shule kwa sababu ya theluji na kuwaagiza wanafunzi wote wasome kwa mtandao. Asubuhi hiyo maelfu walikwama mlangoni kwa kushindwa kuingia, kwa kuwa wote walijaribu kwa wakati mmoja. Tatizo hilo lilitokea ingawa jiji lilikuwa limeshafanya majaribio.

Hukumu yangu ni kwamba njia hii inafaa kwa siku ya pili na ya tatu ya baridi inayoendelea, wakati vifaa vimeshapelekwa nyumbani na walimu wamejiandaa, na kwa wanafunzi wa madarasa ya juu zaidi kuliko wadogo. Ujumbe wa mtandao unaofika alfajiri wakati vishikwambi vimebaki darasani si mpango wa masomo. Afadhali siku ya namna hiyo iitwe kwa jina lake, siku ya kufunga, watoto wapumzike na mwalimu aanzie alipoishia.

Kuwarudisha watoto mapema

Sitakaa sana hapa, kwa maana uamuzi huu sioni wa kuushindanisha na mingine. Tarehe 28 Januari 2014, theluji isiyofika sentimita 7 ilianguka Atlanta mchana, na shule, ofisi na maduka yakawaachia watu takriban saa ile ile. Barabara zikajaa kabla ya chumvi kumwagwa, na maelfu ya wanafunzi wa eneo hilo walilala shuleni, wengine wakikaa ndani ya mabasi mpaka usiku. Nyanda hizi zetu zina kumbukumbu ya zamani na nzito zaidi: tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, watoto wakaenda shule bila makoti mazito, kisha dhoruba ya theluji ikawakuta njiani, inakadiriwa kwamba watu 235 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Watoto wakiwa wameshafika shuleni, penye joto, chakula na watu wazima, kuwazuia hapo mpaka njia ifunguke mara nyingi ni salama kuliko kuwatoa. Mzazi ahakikishe tu kwamba shule ina namba zake mbili za simu na jina la mtu mwingine anayeruhusiwa kumchukua mtoto.

Kuchagua

Nikiulizwa na bodi ya shule, nitajibu hivi. Theluji iliyokoma usiku na utelezi wa alfajiri, nachagua kuchelewesha. Dhoruba inayoanza asubuhi na kuendelea, kufunga. Onyo la baridi kali la kutwa, kufunga siku ya kwanza, na siku zinazofuata kusomea nyumbani kwa madarasa ya juu. Baridi iliyo katika daraja la tahadhari tu, shule ibaki wazi, kwa sharti kwamba mabasi yanafuatiliwa na mzazi anaweza kujua basi la mtoto wake liko wapi.

Muda wa tangazo, kwa mzazi wa zamu, una uzito usiopungua ule wa uamuzi wenyewe. Baridi hutabirika vizuri zaidi kuliko theluji na barafu. Hewa ya kaskazini huonekana ikija siku kadhaa kabla, ilhali mpaka kati ya mvua na theluji unaweza kuhama kilomita chache usiku mmoja na kubadilisha kila kitu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kutosha ya kutangaza kufunga kwa ajili ya baridi saa kumi na moja alfajiri. Tangazo hilo linaweza kutolewa kabla ya saa mbili usiku uliotangulia, na saa hizo tisa ndizo mzazi anazozitumia kubadilishana zamu na mwenzake au kumwomba shangazi aje alale. Utelezi ni tofauti. Hapo alfajiri inakubalika, na mzazi avumilie.

Na shule ikibaki wazi huku wewe ukiona kwamba mwanao hawezi kufika salama, wilaya nyingi za Minnesota hukubali mzazi amzuie mtoto nyumbani kwa sababu ya hali ya hewa na siku hiyo isihesabiwe utoro usio na ruhusa, mradi upige simu ofisi ya mahudhurio asubuhi ile ile. Taja jina la mtoto, darasa lake na sababu. Ofisi ikiwa na mkalimani wa Kiswahili, una haki ya kumwomba kabla ya kuanza kueleza.